Nimeanza kuandika maisha yangu, yanatoka kama barua ya kuomba kazi

BiZamu

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimezunguka wodi karibu zote, ila miaka mingi zaidi nilikuwa wodi ya wazazi, tena zamu za usiku, kwa hiyo hilo jina langu la humu mmeshajua limetoka wapi.

Binti yangu ndiye aliyenisukuma niandike maisha yangu. Kaniletea daftari gumu na kalamu za wino mweusi, akasema, "Mama, wewe andika, sisi tutasoma." Nikakaa, nikaandika ukurasa wa kwanza kwa raha zangu, nikampa. Akausoma amesimama, akanirudishia, akasema, "Hapa ungeambatanisha vyeti tu, wangekuita kwenye usaili."

Nilicheka, lakini iliniuma kwa sababu ni kweli. Nawawekea kipande mjionee wenyewe:

"Nilizaliwa nikiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto sita. Nilijiunga na shule ya msingi na kufaulu vizuri. Baadaye nilichaguliwa kwenda mafunzo ya uuguzi na ukunga. Baada ya kuhitimu niliajiriwa na kupangiwa wodi ya upasuaji. Nilihamishiwa wodi ya wazazi, ambako nilipandishwa cheo na kukabidhiwa usimamizi wa zamu. Nilistaafu kwa heshima."

Basi, yamekwisha. Hakuna neno la uongo hapo, na mimi mwenyewe nikiyasoma nasinzia.

Naomba msaada kwa mambo haya. Nianzie wapi, ikiwa si pale nilipozaliwa? Halafu kuna habari ya baba yetu. Aliondoka nyumbani tukiwa wadogo, hakurudi. Mimi nakumbuka ilikuwa mchana, nimesimama mlangoni, yeye amevaa koti la kijivu, akanishika kichwani, akaenda. Dada yangu mkubwa anasema aliondoka usiku sote tumelala, na hilo koti lilibaki limetundikwa nyuma ya mlango mpaka mama alipoligawa. Tumebishana hadi tukanuniana. Niandike ya nani?

La mwisho ndilo zito. Mambo makubwa niliyoyaona katika maisha yangu ni ya watu wengine. Watu wamejifungulia mikononi mwangu na wengine wamenifia mikononi. Nikiyatoa hayo sina kitabu. Nikiyaandika, mimi nitakuwa muuguzi gani?

Natanguliza shukrani. Mkijibu msirundike maneno, macho yangu yamechoka.

kidole_kimoja

Shikamoo mama. Naona unajichosha bure. Kuzaliwa, kusoma, kazi, kustaafu, ndiyo maisha yenyewe, kila mtu ndivyo alivyo. Warekodie wajukuu kwenye simu inatosha. Siku hizi nani anasoma kitabu cha mtu asiye maarufu?

BiZamu

Marahaba mwanangu. Wajukuu ndio hao hao watakaosoma. Na mtu maarufu ana wa kumwandikia. Mimi nisipojiandikia nani ataniandikia?

Mwandika wa Wengine

Shikamoo mama. Kazi yangu ni kuwaandikia watu habari za maisha yao. Mtu ananiita, nakaa naye na kinasa sauti, anasema, nanakili, napanga, namsomea, ananikatalia, tunaanza upya. Ukurasa kama wako nimeshaupokea kutoka kwa wanajeshi, mafundi, watu wa benki, na hata mchungaji. Yote inafanana, kwa sababu hayo ndiyo majibu tuliyozoea kutoa ofisi inapotuuliza sisi ni nani. Tunajaza fomu tangu shule, mkono umeshazoea.

Ila kwako naona na jambo jingine, na samahani kama naingilia taaluma yako. Umeandika ripoti ya zamu maisha yako yote ya kazi, na ripoti ya zamu ina sheria yake: anayeandika haonekani. "Mgonjwa amepewa dawa saa mbili. Dripu imebadilishwa. Amelala vizuri." Nani alimpa, aliogopa nini, alikaa pembeni ya kitanda kwa muda gani, hayo hayamo wala hayatakiwi, maana anayepokea zamu asubuhi anataka kujua kitanda namba nne amekojoa au hajakojoa. Sasa soma tena kipande chako. Nilichaguliwa, nilipangiwa, nilihamishiwa, nilipandishwa, nilikabidhiwa. Wewe unafanyiwa tu. Ukiacha shule, mahali ulipofanya jambo mwenyewe ni kuzaliwa na kustaafu, na hilo la kuzaliwa lina mjadala.

Kwa hiyo usiache kuandika ripoti, mama. Itumie. Chagua usiku mmoja ambao haujakutoka. Andika kwanza ripoti yake, mistari mitatu, kama ulivyoiandika kwenye kitabu cha wodi. Ruka mstari. Chini yake andika yale ambayo hukuyaandika. Nani alikukabidhi zamu, na alikuwa na uso gani? Taa ipi ilikuwa mbovu? Ulisema nini kwa sauti, na nini ulikimeza? Usituambie ulichoka. Tuambie ulikaa wapi na uliegemea nini.

Kuhusu pa kuanzia. Benjamin Franklin, yule Mmarekani, alianza kuandika maisha yake mwaka 1771, na alianza kama barua kwa mwanawe wa kiume. Sehemu ile ina uhai, ina utani, ina habari za ukoo ambazo baba humwambia mwana. Kisha akaiacha miaka mingi. Aliposhika tena kalamu mwaka 1784 alikuwa amefarakana na mwanawe huyo kwa sababu ya vita vya uhuru wa Marekani, na safari hii aliwaandikia watu wote. Hapo ndipo anapotuwekea jedwali la fadhila 13, na alama ya doa kwa kila siku aliyoteleza. Mimi binafsi naona jedwali lile linachosha, ingawa najua wapo wanaolipenda. Nadhani kilichobadilika ni mtu aliyekaa mbele yake. Baba anayezungumza na mwanawe hachori majedwali.

Na jambo la pili kwa huyo huyo Franklin: alifariki mwaka 1790 na simulizi lake halijafika hata kwenye mapinduzi hayo ya Marekani aliyoshiriki. Alianza na babu zake, akaja taratibu, muda ukamwishia njiani. Mama, wewe umeshastaafu. Kile unachotaka kisomwe kuliko vyote kiandike kwanza. Kuzaliwa kwako kunaweza kusubiri, hakuna anayekugombania.

Mwandikie binti yako. Sijasema "wasomaji", sijasema "kizazi kijacho". Yeye. Jiulize anajua nini na hajui nini. Kama umefanya zamu za usiku miaka mingi, yeye alikujua kama mtu anayelala mchana, mapazia yameshushwa, watoto wanaambiwa wasipige kelele. Kule ulikotoka alfajiri hakujui. Mlango wa kitabu ni hapo, asubuhi unarudi nyumbani na wao wanaenda shule.

Halafu usihangaike na ulingano. Usiku mmoja unaweza kula kurasa kumi na miaka saba ikapita kwa sentensi moja. Watu waliovuka umri wa kati wakiulizwa wakumbuke maisha yao, kumbukumbu nyingi huangukia kati ya miaka 10 na 30 hivi, hilo limechunguzwa sana. Kitabu chako kitaelemea huko. Kiache kielemee.

Hilo la kurekodi alilosema kidole_kimoja si baya kwa mtu mwenye macho yaliyochoka. Ila usizungumze na simu peke yako, utatoa hotuba. Mkalishe binti yako akuulize, na akatize pale asipoelewa. Tena mjue kabisa: saa moja ya sauti hula saa nne au zaidi kuinakili. Nimeona familia zina sauti za mzee zimejaa kwenye simu na hakuna aliyewahi kuzisikiliza tena.

Mtafiti wa Kando

Shikamoo mama. Mimi nakuja kwenye koti.

Nilisomea saikolojia, na kuna mtu anaitwa Ulric Neisser ambaye habari yake itakufaa. Huyu mwanasaikolojia alikuwa akikumbuka vizuri kabisa siku aliyosikia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani, imeshambuliwa na Wajapani. Alikuwa kijana mdogo, amekaa sebuleni, redio inatangaza mchezo wa besiboli, mara matangazo yakakatizwa kwa taarifa. Aliishi na kumbukumbu hiyo miaka mingi sana. Siku moja akashtuka: Pearl Harbor ilikuwa tarehe 7 Desemba 1941, na Desemba hakuna besiboli, msimu wake unakuwa umekwisha.

Mtu mwingine angenyamaza. Yeye akaifanya kazi. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka, Neisser na mwenzake Nicole Harsch waliwapa wanafunzi karatasi kesho yake asubuhi waandike walikuwa wapi, na nani, wamesikiaje. Baada ya miaka miwili na nusu hivi wakawauliza tena. Wengi walikuja na hadithi nyingine kabisa, na walikuwa na uhakika nayo. Wakaonyeshwa karatasi zao wenyewe, mwandiko wao wenyewe. Hawakusema "aa, sasa nakumbuka". Kuna walioitazama karatasi na bado wakashikilia ile hadithi mpya.

Kwa hiyo wewe na dada hamdanganyi, wala hakuna atakayeshinda. Yako machache mnayoweza kuhakiki. Koti liligawiwa, alipewa nani? Yupo? Analikumbuka alilipata lini? Ila mkipata picha ya zamani ya baba amevaa koti, kuweni nayo macho. Picha hupandikiza. Mtu huitazama mara nyingi mpaka anaamini alikuwepo ilipopigwa.

Mwombe dada aandike ya kwake peke yake, na wewe peke yako, bila kuonyeshana. Mkizungumza kwanza mtaambukizana, kumbukumbu huazimana maneno. Kisha ziweke zote mbili kwenye kitabu: mimi nakumbuka hivi, dada anakumbuka vile. Usitafute ya katikati, hiyo ya katikati haikumtokea mtu yeyote.

Na kama utaniruhusu neno moja zaidi. Mtoto wa mlangoni aliagwa. Mtoto aliyekuwa amelala hakuagwa. Huenda ugomvi wenu hauhusu saa.

BiZamu

Mwanangu, hilo la kuagwa limenikalisha chini. Dada ndiye aliyekuwa kipenzi chake. Nitampigia simu, nikipata namna ya kuanza.

Wakili Mchovu

Mama shikamoo. Nakuja kwenye wagonjwa, na ninayoyasema si ushauri wa kisheria, sheria zinatofautiana nchi na nchi.

Watu wakiandika maisha yao huogopa kashfa. Kashfa ina kinga, na kinga kubwa katika nchi nyingi ni ukweli. Ukisema fulani aliiba na ukaweza kuthibitisha, umesimama pazuri. Siri ya mgonjwa ni kitu kingine. Pale ukweli haukukingi, ukweli ndio kosa lenyewe. Na kustaafu hakukufungui. Azimio la Geneva la madaktari lilipitishwa mwaka 1948, na baadaye likaongezewa maneno kwamba siri za mgonjwa zinaheshimiwa hata akishafariki. Ninyi wauguzi mna maadili yenu yanayoelekea huko huko, unayajua kuliko mimi.

Msidanganyane kwamba kubadili jina kunatosha. Wodi, mwaka, mapacha watatu, mume aliyekuwa safarini: hapo umeshamtaja. Mimi hutumia maswali mawili. Mgonjwa mwenyewe akisoma, atajijua? Jirani yake akisoma, atamjua? La kwanza linaweza kuzungumzika, hasa kama yupo na ukamwomba. La pili likijibiwa ndiyo, aya hiyo itoke.

Na msimchanganye mgonjwa huyu na yule mkatengeneza mmoja halafu mkakaa kimya. Ukifanya hivyo mwambie msomaji ukurasa wa kwanza kabisa.

Njia salama ni kugeuza macho. Usimtazame mgonjwa, jitazame wewe. Yeye awe mkono, sauti, mguu. Wewe ndiye mwenye jina na mwaka na wasiwasi.

Msomaji Tu

Mimi sikubaliani na mkuu hapo juu, si kwa sheria, kwa ladha. Nimesoma vitabu vya maisha vingi na kinachoniudhi ni hicho hicho. Mtu anakuvuta mpaka kwenye mlango wa jambo, halafu "hayo nayahifadhi moyoni". Kama unahifadhi moyoni umenitolea nini kalamu? Mkishaficha wagonjwa, mkaficha ndugu, mkaficha wakubwa wa kazi, mama atabaki na viatu na funguo za kabati.

Wakili Mchovu

Msomaji, kuna kuficha kwa woga na kuna kuficha kwa kazi maalumu. Chukua Frederick Douglass, Mmarekani aliyezaliwa mtumwa. Alitoroka utumwani mwaka 1838, akatoa kitabu chake cha kwanza cha maisha mwaka 1845. Kila mtu alitaka kujua jambo moja: alitorokaje? Hakusema. Lakini hakulipita kimya kimya, alimwambia msomaji wazi kwamba hasemi, na sababu ni kwamba akisema atawaponza waliomsaidia na kuwafungia njia walio nyuma yake. Akaandika maisha yake mara ya pili mwaka 1855, bado hakusema. Mara ya tatu, mwaka 1881, utumwa umekwisha kufutwa, ndipo akaeleza: alivaa kibaharia, akaazima karatasi za baharia huru, akapanda treni.

Kitabu cha 1845 kimepungukiwa na nini kwa kukosa treni? Mimi naona hakuna. Tena lile pengo linaonyesha hatari kuliko maelezo yoyote.

Msomaji Tu

Sawa, ila yeye alitoa sababu. Ndilo ninalolisema. Mtu akificha, aseme anaficha na kwa nini. Hapo nitamvumilia.

Wakili Mchovu

Basi tunakubaliana na tulikuwa tunapigana bure.

BiZamu

Wanangu, nawasoma wote, nimewashukuru mpaka nimechoka. Nimejaribu ile ya ripoti. Nimemgeuzia mgonjwa kisogo kama wakili alivyosema. Nawawekea, msinionee huruma.

"Ripoti ya zamu ya usiku. Wazazi wodini saba, wawili wamejifungua salama. Dawa zimehesabiwa, zimetimia. Usiku ulikuwa tulivu.

Ambayo sikuyaandika. Funguo za kabati la dawa zilikuwa zimefungwa kwa kipande cha bandeji, kwa sababu mnyororo wake ulikatika na hakuna aliyeleta mwingine. Aliyenikabidhi alizivaa shingoni ndani ya gauni, akazivua, akanipa zikiwa na joto la mwili wake. Nikazivaa hivyo hivyo. Gauni langu nilikuwa nimelilegeza mshono pembeni, nikafunga mkanda juu kidogo ya pale unapofungwa, maana nilikuwa na mimba ya miezi mitano na sikuwa nimemwambia mtu kazini. Mwenye mimba aliondolewa zamu za usiku, na mimi posho ya usiku nilikuwa naihitaji.

Saa nane za usiku nilikuwa nimeinama, nimeegemeza mguu wa mzazi begani kwangu. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana halafu kinarudi, kinaonekana halafu kinarudi. Nikasikia wangu amecheza. Ilikuwa mara ya kwanza, na ni kama mtu amepitisha kidole kwa ndani, kutoka kushoto kwenda kulia. Nikasema, 'Sukuma mama, sukuma,' na sijui nilikuwa namwambia nani.

Mtoto alitoka analia. Nilimfuta, nikamfunga kitovu, nikampa mama yake. Kisha nikaenda nyuma ya kabati la mashuka, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikajishika tumbo nikisubiri acheze tena. Hakucheza. Kengele ililia upande wa pili nikanyanyuka.

Aliyekuwa tumboni ndiye anayesoma hapa."

Mwandika wa Wengine

Mama, ndoo iliyopinduliwa. Hiyo hukuambiwa na mtu, wala mimi nisingeweza kukubunia.

Nina makali kidogo. Toa "na sijui nilikuwa namwambia nani". Hapo ulikuwa unatuandikia sisi wa humu, umejua tutatikisa vichwa. Ishia kwenye "sukuma mama, sukuma", aliyeelewa ameelewa. Mstari wa mwisho kabisa nao ufikirie. Binti yako akifika kwenye kidole kinachopita kutoka kushoto kwenda kulia atakuwa ameshajijua, huna haja ya kumwita kwa jina.

Lakini jambo kubwa umelipita mbio. Posho ulikuwa unaihitaji. Kwa nini? Mtu hafichi mimba miezi mitano, akainua miguu ya watu begani usiku kucha, kwa sababu ndogo. Sikuulizi unijibu hapa. Binti yako atakuuliza, na kama hukulijibu kwenye karatasi atajijibia mwenyewe.

Joto la funguo liache kama lilivyo. Usiliongezee maelezo.

Mtafiti wa Kando

Nami nimeona kitu. Umeandika "miezi mitano" na "saa nane" bila kusita, koti la baba likakupa taabu. Usiku huo umewahi kumsimulia mtu?

BiZamu

Hata mmoja.

Mtafiti wa Kando

Basi haujapita midomoni mwa watu. Simulizi inayosimuliwa mara nyingi hubadilika mwenye nayo asijue. Sikuhakikishii kwamba kila kitu kilikuwa hivyo hivyo, lakini uandike wote kabla hujaanza kuwasimulia wajukuu.

Karani wa Akiba

Wanajamvi, mimi nimechelewa na nina neno moja ambalo hakuna aliyelitaja. Nakala.

Mandela aliandika maisha yake gerezani Robben Island kwa siri katika miaka ya 1970. Aliandika usiku, wenzake Mac Maharaj na Laloo Chiba wakanakili kwa herufi ndogo ndogo. Karatasi za mwandiko wake wakazifukia bustanini kwenye uwanja wa gereza. Ukaja kujengwa ukuta, sehemu ya zile karatasi ikafukuliwa, wakaadhibiwa kwa kunyimwa ruhusa ya kusoma kwa miaka. Lakini ile nakala ya herufi ndogo Maharaj alikuwa ameshatoka nayo alipoachiwa mwaka 1976. Kitabu chenyewe kilikuja kutoka mwaka 1994, na kazi ile ya gerezani ilikuwa sehemu ya msingi wake.

Mama, daftari ni moja. Maji, moto, mtoto mwenye mkasi. Kila ukimaliza kurasa kadhaa zipige picha, mtumie binti, na yeye aziweke mahali pengine mbali na simu yake. Kurasa ziwe na namba. Na juu ya kila ukurasa andika tarehe unayoandika, mbali na tarehe ya tukio, maana baada ya muda hutajua ipi uliiandika kabla ya kuzungumza na dada na ipi baada.

kidole_kimoja

Mama nimerudi. Ile mimba, nani aligundua?

BiZamu

Ulisema hakuna anayesoma.

kidole_kimoja

Nauliza tu.

BiZamu

Aligundua yule aliyenikabidhi funguo. Aliniangalia mkanda, akaniangalia usoni, hakusema neno. Kuanzia wiki iliyofuata ratiba ikatoka niko usiku bado, ila upande wa wazazi waliokwisha kujifungua, kusiko na kunyanyua. Yeye akachukua chumba cha kujifungulia. Utaratibu ulimtaka atoe taarifa, hakutoa.

Sasa hapo nimekwama tena. Mwenzangu huyo yu hai, naye amestaafu. Si mgonjwa, kwa hiyo ya wakili hayamhusu moja kwa moja, lakini alivunja utaratibu kwa ajili yangu na waliokuwa wakubwa wetu wengine bado wapo. Bila yeye sura hiyo haisimami. Namwombaje?

Wakili Mchovu

Mpigie simu, msomee kurasa zinazomhusu yeye, hizo tu, kwa sauti yako. Akikataa jina, litoke. Akikataa tukio lenyewe, mwulize ni sehemu gani inayomsumbua, mara nyingi ni neno moja. Kitabu kizima usimpe. Ukimpa kitabu kizima ataanza kukuhariri.